Gitaa Lililolika Mahali Pamoja

"Aliyelipiga hili alikuwa mtu mwenye uwezo wake," mzee alisema.

Alikuwa amelishika kwa mikono miwili, amelielekeza mlangoni ili jua la jioni lilale juu ya bodi. Alikuja karakana kwangu Ng'ambo, hapa Tabora, kufuata nyuzi, na hata kabla sijamaliza kumwamkia na kumvutia kigoda, macho yake yalishafika ukutani. Gitaa lenyewe lilikuwa la rangi ya krimu. Rangi imepasuka nyufa nyembamba, mti umejitokeza pale mkono wa kulia unapolala, na mgongoni pamechubuliwa na bizimu la mkanda. Mzee huyu alipiga ridhimu kwenye bendi za mji huu enzi za ujana wake. Gitaa lile alikuwa analisoma.

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Limelika mahali pamoja. Mkono mmoja, tumbo moja. Sisi magitaa yalikuwa ya bendi. Wa solo akiugua, anasimama mwingine. Huyu mrefu, yule mfupi, huyu analibana kifuani, yule analiachia mpaka mapajani. Letu lilikuwa linalika kila upande. Huyu alikuwa na gitaa lake peke yake."

Nikamwambia ukweli, kwamba hajalipiga mtu. Bodi niliipaka rangi mwaka huu, nikaizeesha mwenyewe kwa msasa, baridi na moto.

Hakushtuka. Aliligeuza tena, akapitisha dole gumba kwenye mbao iliyo wazi, kisha akasema, "Basi huyo uliyemwigiza ndiye alikuwa na uwezo."

Akalipia nyuzi zake, akaenda.

Kauli ile imekaa nami kwa majuma. Nikipiga msasa ipo, nikichanganya rangi ipo.

## Niliyemwigiza

Mzee alikuwa amepatia. Picha iliyobandikwa juu ya meza yangu ya kazi ni ya Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani, ya mwaka 1961, ya Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland. Aliinunua mjini Cork mwaka 1963, ikiwa imeshatumika, akakaa nayo mpaka alipofariki mwaka 1995. Zaidi ya miaka 30, mtu mmoja, gitaa moja, jasho moja. Rangi ya kiwandani imebaki viraka tu, sehemu kubwa ya bodi ni mti mtupu uliokolea weusi wa mikono yake.

Mwaka huohuo wa 1995, Fender walianza kuuza magitaa mapya yaliyozeeshwa makusudi, wakayaita Relic. Bodi na shingo zilizeeshwa na fundi Vince Cunetto huko Missouri, mbali kabisa na kiwanda cha California. Tangu hapo kazi hii imeenea duniani, na sisi tuliojifunza kwa kutazama picha tumetazama picha zilezile za watu walewale wachache: mwanamuziki mwenye jina, na gitaa lake analolala nalo.

Nami naifanya kazi hiyo Tabora, mji uliotoa bendi za dansi kama Kiko Kids ya Salum Zahoro na Tabora Jazz. Sikuwahi kujiuliza gitaa la Tabora lilizeekaje.

Hilo ndilo lililokuwa linanikera.

Waliokulia kwenye muziki wa dansi hawahitaji kuelezwa habari za vyombo. Chombo ni cha bendi, au cha mwenye bendi. Mwanamuziki akihama, anahama na vidole vyake, gitaa linabaki kumsubiri mwingine. Kwenye bodi moja wamelala watu kadhaa, kila mmoja juu ya alama za mwenzake. Ukitaka kuiga gitaa la namna hiyo, huna pa kutazama. Picha za bendi zetu za zamani ni chache, nyingi za nyeusi na nyeupe, na mpiga picha alikuwa anapiga sura za watu. Upande wa nyuma wa gitaa hakuna aliyeupiga picha.

Mzee yule alikuwa na picha hiyo kichwani. Mimi nilikuwa na ya Cork.

## Rangi inayogoma kuzeeka

Nieleze kwanza kinachoingia karakana, kwa sababu shaka yangu ilianzia hapo hata kabla mzee hajaja.

Magitaa mengi yanayotufikia hapa, kwa basi au kwa treni kutoka Dar, ni ya viwanda vya China na Indonesia. Yamepakwa polyesta, rangi ngumu ya plastiki. Ukitaka kujua gitaa lako limepakwa nini, fungua shingo, chovya pamba kwenye thina, gusa kwenye shimo shingo inapokaa. Rangi ikilainika na kunata kwenye pamba, ni laka ya nitroselulosi, tunayoiita nitro, maana ile hukauka kwa thina kuruka tu, na thina ikirudi inaiyeyusha upya. Isipobadilika hata kidogo, ni polyesta au poliyurithani. Hizo hukauka kwa kemikali kushikana, na zikishashikana hazirudi nyuma.

Zamani haikuwa hivyo. Fender wa miaka ya 1950 walipaka nitro, na kwa rangi ambazo mteja aliagiza mahususi walitumia rangi za magari za DuPont, zile Duco na Lucite. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kuhamia kwenye polyesta. Inapulizwa nene, inajaza mashimo ya mti kwa mara moja, inang'aa, na bei ya kazi inashuka. Kwa mwenye kiwanda ni neema.

Kwa mpigaji, ile rangi haimjui. Anaweza kulipiga gitaa miaka 20, akalitolea jasho kila Jumapili, na bodi ikabaki vilevile ilivyotoka kwenye boksi. Ikigongwa inabanduka kipande chenye kingo kali. Kuchakaa taratibu kwa mkono wa mtu, haiwezi.

Kuitoa ni kazi. Msasa peke yake unakula siku nzima na vumbi lake halifai kuvutwa. Ninatumia hewa ya moto. Unalenga sehemu moja ya bapa la nyuma, unasubiri mpaka rangi ianze kuinuka kidogo, unaingiza kisu cha puti kwa pembe ndogo sana na kusukuma bila kukazana. Ikikubali, inatoka ganda pana linalopinda, na chini yake unakutana na mti mweupe wa basswood uliounganishwa vipande vitatu au vinne, gundi inaonekana. Ukizidisha moto mti unaungua na alama haifutiki. Kazi ngumu ni kwenye mikunjo ya ndani ya zile pembe mbili, ambako kisu hakiingii. Hapo ni mkono, msasa wa 120, na uvumilivu. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuteni ile yenye vichujio vya makaa. Na mnaopuliza rangi za magari za kuchanganya na hadna, dawa ya kugandisha rangi, zile zina isosayaneti, hudhuru mapafu na mtu anaweza kupata pumu ya kudumu. Nalisema hili kila ninapoandika na nitazidi kulisema.

Ganda la mwisho likishatoka ndipo karakana inanoga. Unakamata mti.

## Mlio wa nyufa

Kuzeesha nakupenda. Nisije nikaonekana nimekaa hapa kukukana.

Kwanza sila ya kuziba vinyweleo vya mti, kisha rangi nyembamba, kisha laka ya nitro juu, tabaka jembamba juu ya jembamba, unaacha saa kadhaa katikati. Hapa kwetu hili ni jambo la kiangazi. Msimu wa mvua thina ikiruka inapoza uso wa bodi, unyevu wa hewani unatua juu yake, na laka inabaki na ukungu mweupe uliofungiwa ndani. Mwezi wa saba na wa nane hewa ni kavu na laka inakauka safi, ila upepo unaleta vumbi, kwa hiyo namwagia sakafu maji kabla ya kuwasha kompresa.

Baada ya kupuliza, bodi inaning'inia kwa wiki kadhaa. Laka inaendelea kunywea muda wote huo, na ukiibonyeza kwa ukucha mapema unaacha alama.

Halafu friza. Jirani yangu anauza barafu na soda, ananiachia friza lake usiku. Bodi tupu, bila chuma wala waya, inalala humo mpaka asubuhi. Naitoa, naiweka mezani, nailetea draya ya saluni. Mti na laka havitanuki kwa kiwango kimoja, laka iliyokakamaa inashindwa, na kimya cha asubuhi kinakatwa na mlio mdogo sana, tik, halafu tena, tik, tik. Ukiinamisha jicho sambamba na bodi unauona ufa ukikimbia wenyewe, unakwenda utakako, unasimama, unachipuza mwingine pembeni. Huwezi kuuongoza. Nitro ya siku hizi hutiwa vilainishi ili isipasuke, hivyo mara nyingine inagoma kabisa na inabidi kurudia.

Yanayofuata ni madogo ila ndiyo yanayodanganya jicho au yanayokufichua. Skrubu mpya nazifungia kwenye mtungi pamoja na kitambaa chenye siki na chumvi mpaka zipoteze mng'ao. Plastiki nyeupe naichemshia majani ya chai. Laka inayofunika rangi natia rangi ya kahawia kidogo mno, kwa kuwa nitro ya kweli hugeuka manjano kwa mwanga na miaka, na ndiyo maana nyeupe za zamani zimekuwa krimu na buluu nyingine zimeegemea kijani. Mwisho kabisa, mkono wa kulia. Hapo unatoa rangi kwa msasa laini na maji, ukifuata mahali mkono unapolala.

Mkono wa nani?

Hapo ndipo kauli ya mzee iliponikamata. Nilipofika hatua hiyo kwenye bodi iliyofuata, msasa ulikuwa mkononi, maji kwenye kisosi, picha ukutani, na sikuona sababu ya kuanza.

## Ninachokikataa

Kuna mambo niliyakataa tangu mwanzo, na nayataja kwa sababu watu huyachanganya na haya.

Mtu mmoja aliwahi kuniomba nizeeshe gitaa, kisha nyuma yake niandike kwa rangi iliyofifia jina la bendi ya zamani ya hapa pamoja na namba, kama vyombo vya bendi vilivyokuwa vinaandikwa. Alikuwa tayari kulipa vizuri. Nilikataa. Gitaa la namna hiyo likipita mikono miwili mitatu halitakuwa tena kazi ya karakana, litakuwa ushahidi, na mtu fulani atamwonyesha mjukuu kitu ambacho babu yake hakukigusa. Historia ya muziki wa mji huu ina mapengo ya kutosha. Kwenye shimo la shingo la kila bodi inayotoka kwangu naunguza mwaka na neno Tabora, hata mteja asipopenda.

La pili, gitaa ambalo kweli ni la zamani silipaki upya. Familia moja iliniletea gitaa la marehemu baba yao, wakitaka ling'ae kwa ajili ya arobaini. Nililipangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo sana, nikalipaka nta, nikawarudishia. Binti yake mkubwa hakuridhika, na namwelewa, alitaka baba yake apendeze. Ila ile laka iliyochanika chini ya mkono ndiyo sehemu pekee ya gitaa ambayo baba yao aliitengeneza mwenyewe.

Nilipomwambia hivyo yule binti, nilijisikia naongea na mimi pia. Kama naamini alama za gitaa la baba yao ni zake kiasi kwamba sithubutu kuzifuta, kwa mamlaka gani nazichonga kwenye gitaa la mwingine?

Nilizunguka na swali hilo muda mrefu. Nilijaribu kujijibu kwamba ni pambo tu, mtu ananunua suruali iliyochanika magotini na hakuna anayemuuliza alianguka wapi. Jibu lile halikunitosha, kwa sababu mzee hakutazama gitaa langu kama pambo. Alilisoma, na lilimwambia habari za mtu.

## Chaki

Jibu lilianza kuja na kijana wa kwaya.

Alileta gitaa jeusi la polyesta, akanionyesha kwenye simu picha ya analolitaka. Nilishajua ni picha gani. Nikamwuliza, "Wewe mkono wako unalala wapi?" Akanitazama, hakuwahi kufikiria.

Nikamwambia alichomeke kwenye spika, nikasaga chaki nyeupe, nikampaka kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, na mbele ya shati. Akapiga nyimbo zao za mazoezi, amekaa kwenye kigoda kama wanavyokaa kanisani. Alipomaliza tuligeuza bodi pamoja. Chaki ilikuwa nyuma zaidi ya nilipozoea kupasugua, karibu na ncha ya bodi, kwa kuwa ananyanyua shingo ya gitaa juu sana. Doa kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye kiuno cha chini, pale gitaa linapokalia paja. Mgongoni hapakuwa na kitu. Anavaa kanzu ya kwaya, hana bizimu la kuchubua chochote.

Hakuna hata alama moja iliyoangukia pa Gallagher.

"Na wenzangu je?" akauliza. Gitaa ni la kwaya, wanapokezana watatu. Wikiendi iliyofuata walikuja wote. Nikampa kila mmoja chaki yake, nyeupe, njano, buluu. Yule mfupi analiegemeza tumboni na kulala juu yake, buluu yake ilijaa ukingo wote wa juu. Wa tatu anapiga besi kwa kawaida, kwa hiyo anatia kidole gumba juu ya pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, iliyo karibu na shingo na kukiacha hapo, njano ilikuwa nukta moja nzito. Walipomaliza bodi nzima ilikuwa na rangi, juu, chini, kiunoni, na mahali fulani zimechanganyika usijue ni ya nani.

Tulisimama tunaitazama. Wao walikuwa wanacheka na kuoneshana madoa. Mimi nilikuwa naona gitaa aliloniambia mzee.

Ningeweza kufuata chaki ile na msasa, nikawapa siku ileile. Ingekuwa kweli zaidi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nikawaambia naweza, lakini naomba wafikirie kitu kingine: niwatolee polyesta yote, niwapake nitro nyembamba, sehemu ya kumi ya milimita hivi, bila laka ngumu juu yake, na palipo na chaki nipunguze tabaka liwe jembamba zaidi. Alama waziweke wao. Kwa mikono mitatu na jasho la Tabora mwezi wa kumi, hawatangoja miaka 30.

Kijana wa kwanza alinuna. Alitaka la kwenye picha, alitaka lionekane limefanya kazi, na mkesha ulikuwa karibu. Sikumlaumu. Mtu anayeanza kupiga anataka gitaa limtangulie kidogo, limpe moyo. Tulikubaliana katikati: niipasue rangi kwa friza, kwa sababu nyufa zinajichagulia njia zenyewe na hazisemi habari za mtu, na mti nisiutoe popote.

Sina hakika ningewashawishi kama wangekuwa wanalipa mara mbili. Wateja wa mbali wanaonilipa vizuri bado wanataka mkono uliokwisha kulika, na wengine nitawafanyia, kwa chaki yao wenyewe ikiwezekana, au kwa video wakiwa wanapiga. Nimegundua ninachotaka kukifanya vizuri zaidi ya yote ni rangi inayokubali kuzeeka. Hiyo viwanda vimeacha kuitengeneza kwa gitaa la bei ya mtu wa kawaida, na ndiyo inayoweza kumpa mpigaji wa Tabora kile Gallagher alichopewa bure na mwaka 1961.

Kwa bodi ninazochonga mwenyewe nimeenda mbali zaidi. Natumia mninga, mabaki ya mafundi wa milango na vitanda. Mninga mkavu una uzito wa karibu kilo 640 kwa mita ya ujazo, mgongo wa mpigaji unaustahimili, na haupindipindi hewa ikibadilika. Siupaki rangi tena. Mafuta kwanza, kisha nta ya nyuki, ambayo hapa hatuisaki, tuko kwenye nchi ya asali. Naiyeyusha kwenye sufuria iliyo ndani ya maji ya moto, nta inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu, naiondoa mbali na moto ndipo nachanganya tapentaini. Inalinda kidogo tu. Mwenye gitaa akipiga miezi michache, mti unaanza kukolea pale anapoushika.

## Ukitaka kuleta

Wanaoniandikia kuuliza bei, bei ni ileile, kuzeesha au kupaka nyembamba. Kazi ya kutoa polyesta ndiyo inayokula gharama na haiepukiki kwa namna zote mbili.

Njoo umevaa shati la mikono mifupi. Kama gitaa mnalipokezana, njooni wote. Njoo na mkanda wako uleule, usibadilishe urefu wake kwa ajili yangu, na kama huwa unapiga umekaa, vigoda vipo. Chaki ninayo. Mvua zikianza Novemba sipulizi nitro mpaka hewa ikauke, kwa hiyo wa mwaka huu waniwahi kabla.